Mlango wa choo niliouweka mwenyewe

Wapendwa, kuweka mlango si kazi ngumu. Unasimamisha fremu, unaziba pembeni kwa simenti, unasubiri ikauke. Mimi niliruka hapo kwenye kusubiri, kwa sababu mamamkwe alikuwa anakuja kuona nyumba yetu mpya ya Ruashi, na choo cha uani kilikuwa wazi.

“Papa Mado, ita menuisier,” mke wangu alisema.

“Fundi mbao ya nini? Mikono iko!”

Alipotoka kumpokea mama yake, niliingia kuujaribu mlango. Nikafunga kikomeo, nikateremsha suruali, nikakaa kabisa. Punde nikasikia sauti zao uani. Kwetu mtu hamjibu mamamkwe kutoka chooni, basi nikanyamaza.

“Mama, angalia ile mulango! Bwana yangu ndiye alitia.”

“Kumbe! Na miye nilizania iko muvivu tu.”

Nikavimba kwa furaha humo ndani. Mamamkwe akavuta mkono wa mlango aone ulivyo imara. Kikomeo kilishika vizuri sana. Fremu nzima ndiyo iliyomfuata.

“Yesu!”

“Jambo yenu, Mama,” nikasema. Adabu ilitaka nisimame. Nikabaki nimekaa.