Mdomo Mkavu Mbele ya Watu wa Kibirichia

Mwanangu, hii hadithi inanifanya nionekane mjinga, na nimejaribu kuigeuza kila upande nitafute mahali naonekana mwerevu. Hakuna. Kwa hivyo keti kwa hiyo tairi unicheke, lakini ukimaliza kucheka unisikize.

Na usianze kuuliza kwa nini nakuita mwanangu na mimi mwenyewe sina ndevu za kujaza kiganja. Ni wewe ulikuja hapa kwangu Makutano na kinanda cha mdomo kwa mfuko, ukaniambia Jumamosi unapanda steji mara ya kwanza, upige bluzi, na unaniambia hivyo shavu moja limefura kama la mtu aliyeng'olewa jino. Miraa! Na chingamu juu yake! Aki mnanichosha, nyinyi watoto. Mimi nilifanya hilo kosa nikadhani nimelimaliza, kumbe nililifungulia njia, sasa mnapanga laini kulirudia. Toa hiyo kitu kwa mdomo. Si hapo! Utatemea gurudumu la mteja.

Sasa sikia.

Nakumbuka hiyo siku vile mtu hukumbuka pale alipoteleza na ndoo ya maziwa. Nilikuwa nimetoka nyumbani Mikinduri nikaja mjini, nikawa fundi wa pancha hapa hapa unaponiona. Darasa la nane nilimaliza, lakini kusema kweli ni darasa la nane ndilo lilinimaliza. Baba yangu, Mzee Baariu, ni mtu wa miraa. Anajua miti yake mmoja mmoja vile mwalimu anajua watoto wasumbufu. Alitaka nikae nyumbani nichume, kwa sababu mimi ni mwepesi na matawi membamba siyaogopi. Mimi nilitaka bluzi.

Kinanda nilikitoa sokoni, kwa rundo la vitu vya mitumba, katikati ya wanasesere wasio na vichwa. Bluzi yenyewe nilisikia kwa lori. Dereva alikuwa anangoja nizibe gurudumu, akaweka muziki, na mtu fulani huko ndani akaanza kupuliza kinanda kama mtu aliyelia hadi machozi yakaisha, sasa anaongea tu polepole. Niliacha pancha. Dereva akaniuliza kama nimepatwa na malaria. Kutoka siku hiyo, gari likichelewa, mimi niko hapa napuliza.

Baba alipokiona mara ya kwanza alikigeuza, akachungulia mashimo, akaniuliza, "Na hiki kichana, meno yake yalienda wapi?"

"Baba, hiki ni kinanda."

"Mtu mzima hawezi kuishi kwa kupuliza upepo."

"Na pancha je? Si ni upepo pia?"

Mimi nilidhani nimejibu vizuri sana. Yeye alivaa kofia yake, akaenda. Akakaa muda mrefu bila kunipigia simu, na hata mama akipiga, nilikuwa namsikia baba huko nyuma akikohoa, lakini simu haichukui. Hiyo ndiyo shida ya mdomo mwepesi, mwanangu. Unashinda mabishano halafu unakosa baba.

Basi kulikuwa na Mzee Shabani, yule mwenye buchari hapo ng'ambo ya barabara. Mchana anakata nyama, jioni anapiga gitaa na bendi yake. Alinisikia nikipuliza, akavuka barabara na aproni ya damu, watu wakadhani anakuja kunichinja. Akasikiza. Akasema, "Kibirichia kuna siku ya wakulima wa waru, hivi viazi vyetu. Tunapiga uwanjani. Nitakupa wimbo mmoja wa bluzi, wewe mbele, sisi nyuma. Ukishika, uko kwa bendi. Ukiangusha, urudi kwa matairi yako tusalimiane tu kama majirani."

Sikulala. Asubuhi nikampigia baba mwenyewe. Nikamwambia, "Baba, Mzee Shabani amenipa wimbo mmoja na bendi yake, njoo Kibirichia unisikie mara moja. Moja tu. Baada ya hapo ukisema niache, nitaacha, narudi Mikinduri kuchuma."

Akakohoa kile kikohozi chake. Halafu akasema, "Nitaona."

Sasa elewa vile mambo yalikuwa. Nikipiga vizuri, nina bendi na nina baba. Nikipiga vibaya, nina miti.

Kibirichia hiyo siku ilikuwa na baridi ya kukunja masikio. Steji ilikuwa ya mbao, spika mbili kubwa kama kabati, na nyuma ya steji magunia ya waru yamepangwa mpaka juu. Watu walijaa uwanja wote, akina mama na mashuka mabegani, vijana wa bodaboda juu ya pikipiki zao. Na nani namuona anapita katikati yao? Baba. Amevaa koti lile la harusi na kofia, na kwapani amebeba bunda la miraa lililofungwa kwa majani ya ndizi, amelibana kama mtu amebeba kuku wa kupeleka kwa wakwe.

Hakunisalimia sana. Alinipa lile bunda akasema, "Niwekee hii. Nasalimia wazee halafu nakuja. Usiiweke chini."

Hayo maneno hata mtoto wa nasari anaelewa. Niwekee. Hakusema kula, hakusema onja. Lakini mara tu alipogeuka, Mzee Shabani akapitisha kichwa kwa pazia akaniambia, "Huu wimbo ukiisha, ni wewe." Nikasema, wacha nichukue kijiti kimoja tu nishike moyo. Baba amekuja nayo kutafuna na marafiki wake, kijiti kimoja atajuaje? Nikapenyeza kidole kwa upande wa chini wa yale majani.

Mwanangu, hiyo miraa ilikuwa tamu. Nyororo, ncha nyekundu, ile ambayo baba huwa hauzi. Kijiti kimoja kikaita ndugu yake. Yule ndugu akaita ukoo. Uchungu ukizidi, naongeza chingamu. Nilitafuna nikiwa nimesimama pale nyuma ya waru kama mbuzi aliyeingia shamba, na vile nilikuwa natafuna ndivyo nilikuwa najisikia mkali. Nilijiona nimeshapiga, watu wameshalia, baba ameshaniomba msamaha.

Wewe ni mtu wa Meru, si mimi nitakufundisha vile miraa hufanya mdomo. Inakunywa mate yote. Na kinanda cha mdomo, kama hujui, kinataka mate kuliko kinavyotaka akili. Tena kwa bluzi mtu anavuta kuliko anavyopuliza. Unavuta pumzi ndani, unakunja ulimi, hadi sauti inainama kama mtu amebeba mzigo. Sasa wewe fikiria mtu anavuta pumzi kwa nguvu na shavu lake lina majani na chingamu.

Nikaliacha bunda juu ya gunia, nikapanda. Gitaa ya Shabani ikaanza taratibu. Nikaweka kinanda mdomoni, midomo ikashika chuma kama ulimi umeshika barafu. Nikavuta ile noti ya kwanza. Ilitoka! Nakuapia ilitoka, ndefu, ya huzuni, nikaona baba pale mbele ameinua kichwa. Nikavuta ya pili, ile ya kuinama, na vipande vya miraa vikaingia kooni kama nyuki wamerudi mzingani.

Nilikohoa kwa maiki. Spika mbili kubwa kama kabati. Kikohozi changu kilifika mpaka kwa mashamba ya watu. Mama mmoja mbele alianza kupiga makofi, alidhani ndivyo wimbo unaenda. Nikajaribu tena. Nikavuta, hakuna kitu, shimo limezibwa. Nikatoa kinanda nione, na chingamu ikakuja nacho. Ikavutika kutoka kwa jino langu mpaka kwa kinanda, ndefu, nyeupe, inang'aa kwa jua, na mimi nimesimama katikati kama mtu anaanika nguo.

"Fundi!" akaita kijana mmoja wa boda. Huyo nilikuwa nimemzibia gurudumu wiki hiyo hiyo. "Fundi, imetoboka! Ziba kwanza!"

"Ongeza upepo!" mwingine akajibu.

Uwanja ukaanguka. Wazee walishikana mabega wakicheka. Shabani, Mungu amweke, hakuacha gitaa. Alinisukuma na kiwiko nikaondoka, akaimba ule wimbo yeye mwenyewe kama vile ndivyo tulikuwa tumepanga.

Nikashuka. Baba alikuwa amefika nyuma ya magunia mbele yangu. Ameshika yale majani ya ndizi, ameyafungua, anaangalia ndani. Kulikuwa na kijiti kimoja.

Hakunikemea. Ingekuwa afadhali. Alingoja Shabani ashuke, akavua kofia, akasimama wima akasema, "Bwana Shabani, mimi ndiye baba ya huyu. Nilikuwa nimekuletea ncoolo."

Mwanangu, hapo ndipo nilijua nimekula nini. Pengine mji umekusahaulisha, kwa hivyo nikukumbushe. Ncoolo ni miraa ya heshima. Inachaguliwa, inafungwa kwa namna yake, inabebwa kupelekwa kwa watu ukienda kuomba msichana, au kupatanisha waliokosana, au kukabidhi mtu jambo zito. Hiyo haitafunwi njiani. Na mimi nililelewa katikati ya hayo majani! Kama ningeangalia hicho kifungo upande wa juu, kama mtu mwenye macho, ningejua. Lakini nilifungulia chini kama panya.

Baba hakuwa amekuja kunipima. Alikuwa amekuja kunikabidhi kwa Shabani, vile mtu anakabidhi mtoto wake kwa fundi na kusema, huyu sasa ni wako, mfunze. Jibu langu alikuwa nalo kwapani tangu Mikinduri. Hata ningepiga vibaya, lilikuwa langu. Na mimi nililitafuna pamoja na chingamu.

Shabani akauliza polepole, "Mzee, ilikuwa kubwa?"

"Ilitosha bendi yako yote na majirani."

Shabani akachukua kile kijiti, akakiinua kwa jua. "Sasa Mzee, hii ni ncoolo ama ni ya kuchokolea meno?"

Baba alibana mdomo. Nikaona mabega yanatetemeka, nikadhani analia, kumbe ni kicheko kinatafuta mlango. Shabani alikipokea kijiti kwa mikono miwili, hivi, kwa heshima yote, akakiweka kwa mfuko wa shati. "Nimepokea, Mzee. Huyu ni wangu. Lakini ataanza na kuosha vyombo vya bendi, na kwa steji atarudi siku atakuja na mdomo wa binadamu."

Na hivyo ndivyo ilienda. Nilibeba spika muda mrefu kabla ya kubeba wimbo.

Basi nikuambie, na uache kuangalia hiyo simu. Siku ya kazi, mdomo wako ni chombo, uuweke vile Shabani anaweka kisu chake. Maji. Maji tu. Ukiogopa, ogopa. Panda na hiyo hofu yako, itakaa kwa wimbo, bluzi ina nafasi yake. Ukitafuta kitu cha kuifukuza utafukuza na sauti. Na mtu akikupa kitu akwambie umwekee, mwekee! Hata kama ni baba yako, hata kama unajua inatoka kwa shamba lenu. Huwezi kujua amebeba nini ndani. Pengine amebeba kile umekuwa ukililia miaka yote, na wewe uko nyuma ya waru unakitafuna ukingoja akuletee.

Mimi nakuombea Jumamosi upate pumzi ndefu na watu wa kukusikia. Na wakikucheka, wawe wale wa kukucheka halafu wakuachie kiti.

Lakini maneno ya kunibariki mimi yalikuwa ya baba. Kabla hajaenda kutafuta gari la kurudi Mikinduri, alinivuta kando ya magunia. Akaniambia, "Nyoosha mikono." Nikanyoosha viganja, nikijua nachapwa. Akainama, akatema mate kidogo kwa kila kiganja, vile wazee wetu hubariki, akanifunga vidole.

"Ingine nitaleta," akasema, "na hiyo nitaibeba mwenyewe mpaka mlangoni kwa Shabani. Wewe endelea na kichana chako. Na hayo mate yatumie vizuri, kwa sababu yako umeyamaliza kabla ya kazi."