Siku Kundi O Lilipopotea

Nyumbani tunamwita Profesa kwa sababu chuo hakumaliza. Ni mdogo wangu, kitindamimba wa mama, anaishi chumba cha nyuma kwangu na kazi yake ni kutengeneza fomu za mtandaoni kwa Java, lugha ya kompyuta. Hali mpaka akumbushwe. Chai yake hupoa mezani hadi ikaota utando, na ukimsemesha huinua kidole kimoja bila kugeuka. Nimemsema mpaka nimechoka. Lakini hospitali ninakofanya kazi maabara ilipotaka mfumo wa benki ya damu, ni mimi niliyempigia debe. "Kichwa chake kinachemka," niliwaambia.

Kikachemka kweli, na kwa miezi mitatu nilitembea kifua mbele. Kisha akaongeza ukurasa wa kusahihisha taarifa za wachangiaji. Asubuhi ya kwanza, muuguzi alimsahihisha mtu mmoja aliyeandikwa kimakosa kundi O. Akafungua orodha, akachagua B, akahifadhi. Baada ya hapo tukachapisha upya lebo za mifuko yote iliyokuwa kwenye friji, tukabandua za zamani, tukazibandika.

Saa nne wodi ya wazazi wakapiga simu. Kuna mama amejifungua na damu haikatiki, wanataka mifuko miwili ya O haraka. Nikafungua mfumo. O, hakuna hata mmoja. B, thelathini na moja.

Nikampigia. "Profesa, O zote zimekwenda wapi?"

"Dada, usitoe mfuko wowote."

Alifika na ndala, shati kalivaa nje ndani. Akasoma alichokiandika, akajishika kichwa.

"Mchangiaji ni kitu kimoja," alisema, "na kundi lake ni kitu kingine kilichowekwa ndani yake. Watu wote wa O wanashiriki kundi hilo moja. Orodha nilitakiwa niifunge kwenye kundi lenyewe. Mimi nimeifunga kwenye jina la kundi."

"Sema Kiswahili!"

"Badala ya kumhamisha mgeni chumba, nimebadilisha namba ya mlango. Wote waliolala humo wamehama naye."

Dakika kumi tu, akawa ameshasahihisha. "Tayari, dada. Toa."

"Nitoe upi? Lebo za B si tumeshabandika hata kwenye O?"

Mkuu wa maabara alikuwa amesimama nyuma yetu. "Mfumo uliodanganya mara moja siuamini," alisema. "Kila mfuko upimwe upya kwa mkono." Alikuwa na haki, na nilimchukia kwa hilo.

Nikaanza kupima. Wa kwanza, B. Wa pili, B. Wa tatu, B. Nikamwaga tone, nikarudia. Dirisha la kutolea majibu lilikuwa wazi, na nilimwona Profesa kwenye benchi karibu na kijana aliyepakata mfuko wa nguo za mtoto.

"Kaka, wewe ni wa hapa?" yule kijana alimuuliza. "Damu ya mke wangu imepatikana?"

"Bado. Na kosa ni langu, si la hawa waliomo ndani."

Kijana aliuweka mfuko chini. Nilidhani atampiga, na sikupanga kuamua ugomvi.

"Basi usiondoke," alisema. "Tungoje wote."

Mfuko wa saba ulikuwa O. Wa tisa pia. Tukailinganisha na damu ya mgonjwa, na kila dakika niliiona ikipita. Kisha nikaikimbiza mwenyewe mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, nikasubiri hapo, roho mkononi.

Yule mama aliishi. Lakini daktari hakuweza kuingoja damu yetu. Ili aokoe maisha yake, alikuwa ameshamtoa kizazi.

Nilirudi kwenye benchi nikawaeleza yote mawili. Mume aliinama, akamshukuru Mungu kwamba mkewe yu hai. Profesa akanishika mkono kama alivyokuwa akinishika akiwa mdogo.

"Dada, huyu ni mtoto wao wa ngapi?"

Nilitaka kumdanganya. Mume akaniwahi.

"Wa kwanza."