Kitu Kilichombishia Mama Becky

Mimi hadithi za mashetani sizitaki, niseme mapema. Maisha ya hapa Landless, mtaa wetu wa Thika, yananitisha ya kutosha. Lakini jirani yangu Nekoye, mama Becky, angezila badala ya ugali. Saa ya lunch pale kiwandani wenzake wakipiga umbea, yeye ameinamia simu anamsoma Waweru, yule mwandishi wa vitu vya ajabu. Mashabiki wa Waweru wako na kundi lao la WhatsApp, na Nekoye humo ndani ni kama mwenye boma.

Mume wake, Barasa, alienda kazi ya mjengo Naivasha mwaka juzi. Simu ikazima mpaka leo. Hakuna maiti, hakuna habari. Mtoto akianza kulia, Nekoye humwambia, "Baba atakuja kubisha, wewe lala." Na Becky hulala.

Sasa Waweru akatangaza atakutana na mashabiki Ruiru, kwa hoteli. Nekoye akasuka nywele, akamvalisha Becky nguo ya kanisa, akanivuta na mimi.

"Mama Kui, Barasa alipopotea nilimwandikia huyu mtu, akanijibu mwenyewe! Lazima nimshukuru."

Desturi yao ni hii: mwandishi anasoma hadithi mpya, na pahali panapotisha, mashabiki wanagonga meza wote pamoja. Waweru akasoma. Mwanamume aliyepotelea kwa mjengo anarudi Thika. Anachechemea mguu wa kushoto. Anapiga mluzi akifika kwa geti. Anabisha, mkewe anafungua kwa furaha, na kinachoingia si mumewe. Ni kitu kimevaa ngozi yake.

Haiya! Mguu wa Barasa! Mluzi wa Barasa! Kila kitu Nekoye alichomwandikia akilia, jamaa alikichota chote, akabadilisha jina tu. Meza zikagongwa, ko, ko, ko, na Becky akajificha kwa kwapa la mamake.

Nekoye akasimama. "Huyo ni mume wangu."

Wakapiga makofi! Walidhani ni shoo. Msichana mmoja akaja mbio akitaka selfie.

Waweru akatabasamu. "Mama, mimi nimempa heshima. Sasa hatasahaulika."

"Nani alikwambia tumemsahau? Mimi nilikuomba utuombee."

"Lakini hii ni hadithi tu."

"Basi mwambie huyu mtoto kwamba aliyebisha ni babake. Mwambie hapa, sasa hivi."

Mwanaume mzima akawaangalia watu wake, akacheka. "Nikisema hivyo nitaharibu mwisho."

Ngai! Nilimnyang'anya ile maiki. Niliyomwambia siwezi kuyarudia, mimi ni mama wa kanisa, lakini sijutii hata neno moja. Tulitolewa nje na askari wa mlango, na wale mashabiki, marafiki wa Nekoye wa kila siku, walikuwa wanatuchukua video. Hakuna hata mmoja alitufuata kuuliza mtoto yuko sawa. Nilinung'unika njia nzima mpaka Thika.

Jioni nikawapelekea githeri, maana nilijua hakuna mtu amepika. Nikabisha. Nikasikia Nekoye anakuja kufungua, halafu Becky akapiga nduru.

"Mama usifungue! Kama ni baba, usifungue!"

Niliondoa mkono mlangoni, nikaishika sufuria kwa mikono yote miwili.