Mstari wa Kumi na Tano

Bwana Gerwin Tiedge alikuwa mtafsiri aliyekula kiapo mahakamani, Kipolishi na Kijerumani, na mimi nilikuwa karani wake hapa Görlitz, mji wa Ujerumani mpakani na Poland, kwa miaka kumi na tisa. Mtu mkavu, tena mbishi. Bei yake ilikwenda kwa mstari: herufi hamsini na tano, pamoja na nafasi za katikati, ni mstari mmoja, na mstari ukianza tu umeshalipiwa, hata uwe na neno moja. Wateja walilalamika kwamba wanatozwa mpaka muhuri na maandishi ya kalamu ya pembeni. Aliwajibu kuwa kila kilichomo kwenye karatasi kinatafsiriwa, kwa hiyo kinalipiwa. Kazi ya kuwatuliza mlangoni ilikuwa yangu, na ilinichosha.

Miaka tisa iliyopita alikuja binti yake wa pekee, Almut, na cheti chake cha kuzaliwa, kitafsiriwe. Alikuwa anakwenda kuolewa Wrocław, huko Poland, kwa mwanamume ambaye baba hakumtaka. Mtafsiri haruhusiwi kugonga muhuri kwenye karatasi za mwanawe. Angemwambia hivyo tu, yakaisha. Badala yake alivaa miwani, akahesabu, akamtajia bei kama mteja wa mitaani. Almut alirudisha cheti mkobani, akaondoka bila kuaga. Nilimchukia mzee siku ile, nami sikuthubutu kumwambia.

Hawakuonana tena. Novemba iliyopita ikaja barua: Almut amefia hospitalini Wrocław, ndoa yenyewe ilishavunjika zamani. Ili majivu yake yazikwe huku kwetu, ofisi ya mji ilitaka karatasi za hospitali kwa Kijerumani, na muhuri wa mtafsiri mwingine. Nikampeleka mzee kwa Bi Brygida Kulesza, mtaa wa pili, ambaye kazi hii alijifunzia kwenye meza yetu.

Brygida alisoma taratibu. Alipofika pembeni, penye mwandiko wa muuguzi, akasimama. Mzee alikuwa ameshapasoma nyumbani, ndiyo maana alikuwa anatazama sakafu. Muuguzi aliandika kwamba baba wa mgonjwa alishafariki, kwa maelezo ya mgonjwa mwenyewe.

"Hapo paruke," mzee alisema.

"Mwalimu, unajua siwezi."

"Nakuomba, Brygida. Mji mzima huu unanijua. Watasoma kwamba mwanangu alishanizika."

"Wewe ndiye uliyenifundisha. Ulisema hata neno lililokatwa kwa kalamu linatafsiriwa. Nikiruka hapo, muhuri wangu utakuwa wa nini?"

Brygida akachapa, na chumbani vikasikika vidole vyake tu. Nilimwonea mzee huruma mpaka nikasahau kumchukia.

Kazi ilipokwisha, Brygida alisema hatamtoza kitu. Mzee akatikisa kichwa, akauliza ni mistari mingapi.

"Kumi na minne. Mwishoni kuna kipande cha yale maneno ya muuguzi, hata nusu mstari hakifiki. Hicho achana nacho, Mwalimu."

Mzee akavaa miwani. Akaweka kidole juu ya kile kipande, akakiacha hapo muda mrefu, na machozi yakamtoka mbele yetu bila kuyaficha.

"Mstari ukianza umeshalipiwa," alisema. "Andika kumi na mitano. Huu ni wangu."