Kamba Nane za Ardlonan

Saa tatu asubuhi, jua la Novemba ndiyo kwanza linachungulia juu ya mlima, na Bi Ishbel Petrie amepiga magoti kwenye nyasi zenye barafu, mkononi kashika kioo cha kunyolea ndevu cha marehemu baba yake. Anakigeuza taratibu mpaka mwanga ulale ubavuni mwa jiwe la kaburi. Herufi zilizofutika zamani zinaanza kujitokeza.

"Usinizibie jua," ananiambia bila kugeuka. "Umekuja kuandika au kuniletea giza?"

Bi Ishbel, mwenye miaka sitini na sita, anaishi kwa kutafuta asili za koo za watu. Wateja wake wengi ni vitukuu wa waliohamia Kanada na Nyuzilandi, ambao huja kwetu Uskoti wakati wa kiangazi kutafuta jiwe la kulilia. Huwatoza pauni sitini kwa siku, na anayekuja na keki hupunguziwa.

Mteja wake wa sasa si mgeni. Ni Ludovic Ardlonan, mzee wa miaka tisini na moja, mwenye ardhi yote inayoonekana kutoka hapa makaburini. Hatumwiti bwana wala mheshimiwa. Tunamwita Ardlonan tu, kwa jina la shamba lake, na hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Hana mke wala mtoto. Mwaka juzi alimwita Bi Ishbel jikoni kwake.

"Ishbel, nitafutie watu wanane wa damu yangu," alimwambia. "Sitaki kushushwa kaburini na vijana wa kampuni ya mazishi."

Kwetu jeneza hushushwa kwa kamba nane, na kila kamba ina mwenyewe. Ya kichwani ni ya ndugu wa karibu kuliko wote. Kukosa wa kukushikia kamba ni aibu ambayo hata maskini wa bonde hili hajawahi kuipata.

Nyumba ile kubwa Bi Ishbel anaijua. Alipokuwa msichana aliosha vyombo pale.

"Siku hizo kila dohani ilitoa moshi," anasema. "Viazi vikishavunwa tulicheza dansi ghalani, na Ardlonan alicheza na kila msichana wa jikoni, kwa zamu. Alikuwa akinikanyaga huyo, we acha tu!"

Anacheka. Ghala lile sasa ni nyumba ya kupangisha watalii, na shule aliyosomea pia.

"Nikipewa siku moja tu ya zamani nitachukua ile," anasema. "Na vidole vikanyagwe."

Ndugu wa damu alimpata mmoja tu, bibi kizee wa Nyuzilandi asiyeweza tena kupanda ndege. Ndipo akamgeukia Murdo Ardlonan, fundi bomba wa kijijini. Jina la ukoo lilikuwa lilelile, na kwenye mawe ya kwao kila kizazi cha pili kilikuwa na Ludovic wake. Kwa desturi yetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu yake, hivyo Bi Ishbel hakuwa na shaka kwamba hiyo ni damu moja. Murdo akapangiwa kamba ya kichwani. Akanunua na tai nyeusi.

Mwezi uliopita kioo kikamuumbua Bi Ishbel. Chini ya kuvu ya jiwe kongwe kuliko yote ya kina Murdo palichongwa: Finlay Gow, aitwaye pia Ardlonan.

"Nililisoma mara tatu," anasema. "Gow! Ukoo wa wahunzi. Si ndugu hata kidogo."

Wapangaji wa zamani walilichukua jina la mwenye ardhi ili wapate ulinzi na kipimo cha unga wa oti. Na wale kina Ludovic? Walipewa jina hilo ili kumfurahisha mwenye nyumba kubwa.

"Mimi mzaliwa wa hapahapa, nikasahau jinsi wazee wetu walivyojua kubembeleza," anasema.

Akarudi kwenye makaburi ya familia yenyewe, yale ya ndani ya ukuta. Kwetu mwanamke huzikwa kwa jina la kwao, hata akilala kando ya mumewe. Jiwe la Marjory Ardlonan, ambaye mzee ni wa uzao wake, linamtaja mumewe, Patrick Tulloch, lakini watoto wao wote ni Ardlonan. Shamba lilikuwa la Marjory, na aliyemwoa ilibidi aache jina la baba yake achukue la shamba. Na shamba nalo lilipewa jina la mwinuko ulio nyuma ya nyumba.

Wiki iliyopita Bi Ishbel alimchukua Murdo wakaenda kwa mzee. Nilikuwepo.

"Kwa hiyo mimi ni Tulloch?" mzee aliuliza, akikoroga uji wake.

"Kwa upande wa baba, ndiyo."

"Miaka yote hii nimeringa bure."

"Na mimi tai nimenunua bure," Murdo akasema.

"Wa kwenu walichukua jina kwa unga, wa kwetu kwa shamba," mzee akamjibu. "Wa kwetu walijua bei."

Bi Ishbel hakucheka. Alikuwa analia.

"Nimekosea, Ardlonan. Nilikuahidi ndugu, na sina wa kukupa."

Mzee aliweka kijiko chini. "Basi, Murdo, uko huru. Sikulazimishi."

Murdo si mtu wa maneno mengi. 

"Siku tunamzika baba, mvua ilinyesha kama imetumwa," alisema. "Ulikuja na buti zako ukashika kamba ya miguuni. Hukuuliza sisi ni nani wako." Akavaa kofia yake. "Ya kichwani ni yangu. Usimpe mtu."

 Mzee alimsogezea sahani ya mkate.

Tangu siku hiyo Bi Ishbel haulizi habari za damu. Anapita nyumba kwa nyumba na swali moja: nani hapa aliwahi kuzika mtu wake, Ardlonan akashika kamba? Amekwishapata watu saba, na mmoja wao atasafiri kutoka mji wa Aberdeen.

Namuuliza atampata wapi wa nane. Anafuta kioo kwa ncha ya shali kabla ya kunijibu.

"Siku baba alipozikwa, mama alibaki nyumbani akipaka mikate siagi. Enzi zile wanawake hawakufika makaburini. Alisimama dirishani mpaka wanaume waliporudi, na hakuna aliyemwambia kaburi liko upande gani." Anavuta pumzi. "Ya nane nitashika mimi. Nimeshamwambia Ardlonan. Nimemwambia pia asiniharakishe."