Shimo Jeusi Halimfuati Mtu

Siku ile siisahau, mwanangu, na kwa kuwa nasikia umekwisha funga sanduku uende ukalale kwa tajiri wako, keti kwanza unisikilize.

Nilikuwa msichana, mgeni hapa Dubai, nashona mabaibui katika duka moja la Bur Dubai. Tajiri wetu, tukimwita madam, akaniita pembeni. "Hamia kwangu Rashidiya. Chumba chako, chakula changu, utatushonea mimi na dada zangu tu. Pasipoti nipe nikuwekee isipotee." Mimi huyo, roho kwatu! Si Mwanaisha, mwenzangu wa cherehani, alitangulia kule? Picha alizotuletea, dhahabu mpaka viwikoni. Kweli, siku hizo simu yake ilikuwa haipatikani, nami nikajiambia ni raha zimemzidi.

Nikapita kumuaga Bi Zuwena, bibi wa Unguja aliyesomesha fizikia kwao mpaka akastaafu, wanawe wakamleta huku. Nilimkuta anatazama kipindi cha mashimo meusi kwenye televisheni: kiza katikati, pete ya moto kandoni. Nikamweleza habari yangu kwa mbwembwe. Hakunipa hongera.

"Njoo utazame," akasema. "Hicho king'aacho si shimo. Ni gesi na vumbi vinavyolizunguka, vinasuguana, vinapata moto, vinawaka. Vingi vyake vitaliwa. Na kila likila, uzito unazidi na mpaka wake unatanuka. Ukishauvuka huo mpaka, hata mwanga haurudi."

"Sasa mimi nitafanyaje, bibi? Yeye ndiye kafeel, mdhamini wangu, visa yangu iko kwake."

"Ala! Nani kakwambia shimo lavuta ulimwengu mzima? Nyota tele zinalizunguka kwa mbali na haziliwi. Halimfuati mtu, huliwa aliyesogea. Na mwanga unaopita karibu nalo hupinda, ukaiona nyota mahali isipokuwepo. Picha za Mwanaisha umeziona. Mwanaisha mwenyewe umemwona?"

Lo! Hofu ikanishika, kisha ikaja hasira, na hasira ile nailea mpaka leo.

Kesho yake nikamwambia madam mbele ya mafundi wote: "Nguo nitakushonea hapa hapa. Kulala nalala kwangu, na pasipoti nakaa nayo mwenyewe." Akapiga meza. "Khalas! Huna kazi!" Nikasema haya, nikachukua mkasi wangu. Nikaenda kupiga pasi mashuka ya hoteli kule Al Garhoud, wao wakanihamishia visa, nikala mkate mkavu, lakini nikitoka na kuingia nitakapo. Mwanaisha tulimwendea kule Rashidiya kwa madam, mimi na wana wa Bi Zuwena, pamoja na polisi. Alitoka amekonda, hana simu wala pasipoti. Dhahabu ile alivalishwa apigwe picha.

Wazee walisema mwenye nguvu mpishe. Mpishe, sawa, lakini hawakusema umkabidhi na roho yako. Na walisema pia chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Jiulize mbona nyumba ya tajiri wako inajitembeza hivyo. Leo atataka pasipoti, kesho simu, keshokutwa hata sauti yako, na kila umpacho kinamwongezea nguvu za kudai kingine. Mfanyie kazi yake vizuri, kisha rudi kwako. Akikufukuza, mlango wangu unaujua, na wali hautupungukii.

Mungu akupe shingo ngumu, mwanangu, na akujaalie ulimi usiotetemeka siku ya kusema sitaki. Haya, kafungue sanduku.