Udada wa Kupanga
Nyumba niliyopanga chumba huko Mkuza, Kibaha, mwanzoni mwa miaka ya themanini haikuwa na mpangaji hata mmoja, ukiwauliza watu. Mwenyewe alikuwa kiongozi wilayani, na miiko ya uongozi ilimkataza kupangisha nyumba. Kwa hiyo akatafuta ndugu. Mimi, Mnyaturu wa Singida niliyekuja kupika chai ofisini, nikawa dada yake, mtoto wa baba yake mdogo wa kijijini Gwata.

Sikulazimishwa. Kibaha ilikuwa inakua haraka kuliko vyumba vyake, na mwanamke asiye na mume, tumbo limeanza kuonekana, alifungiwa milango kwa adabu sana. Yeye hakuniuliza habari za tumbo. Alinikalisha uani akanifundisha jina la babu yetu, kisha akanipeleka kwa balozi wa nyumba kumi, naye akaniandika kwenye daftari lake: dada. Kila mwisho wa mwezi nilimpa kaka yangu kodi, naye akaiita hela ya mboga. Nilicheka. Nilijiona mjanja.

Mwanangu alipofikisha miezi minne, masika yamechachamaa na kifua kimembana, kaka akasema anakitaka chumba. Alikuwa amempata bwana mmoja kutoka Dar, wa kulipa zaidi. Akanipa siku tatu. Nikamwomba angoje mvua zipungue tu.

"Mimi nimeshaamua," akasema.

Nikaenda kwa balozi. Sikutaka kumshtaki mtu. Nilitaka muda, au basi barua ya kuonyesha kwamba nimekaa na watu vizuri, maana bila barua ya balozi wako, balozi wa mtaa mwingine hakupokei. Kaka akanifuata hukohuko. Kabla sijaeleza kitu, akaanza yeye, kwa upole:

"Mzee, huyu dada yangu mji umemshinda. Mtoto mgonjwa, baba yake hajulikani. Namrudisha kwa wazee Gwata."

Balozi akanitazama. "Ni kweli, mwanangu?"

Nilitaka kumwambia ukweli wote. Lakini yule mzee nilimwamkia kila asubuhi karibu mwaka mzima huku nikimdanganya, na barua niliyoihitaji ilikuwa mkononi mwake. Mwongo nani atamwandikia barua? Nikasema, "Ni kweli, mzee." Mpaka leo najichukia kwa neno lile kuliko ninavyomchukia yule niliyemwita kaka.

Habari zikaenea kwamba naenda kwetu. Majirani wakaniletea unga, kipande cha sabuni, na kanga pea moja, miaka ile ambayo hata sabuni ilipangiwa foleni. Mke wa balozi akambeba mwanangu mpaka kituoni Kwa Mathias, akimsomea dua njia nzima. Laiti wangenitukana.

Barua ya balozi nilikuwa nayo. Ilisema mimi ni mwenyeji wa Gwata, narudi kwetu kwa hiari yangu, nipokelewe. Kwa barua ile hakuna mtaa wa Kibaha ambao ungenipa chumba, na huko Gwata sikujua hata njia ya kuingilia.

Basi likasimama. Utingo akaniuliza nakwenda wapi. Majirani wakamjibu kabla yangu, wote kwa pamoja, na mmoja akawa ameshampa mzigo wangu.